Ngoma Nzito na Wapenzi Wake: Hadhira ya Ngoma za Kifalme za Burundi, kutoka Ikulu hadi Majukwaa ya Roki na Mwambao wa Nyanza-Lac

Historia ya ngoma za kifalme za Burundi kwa kawaida huandikwa kwa kumfuata mpigaji. Husimuliwa habari za koo za abatimbo, za mti wa umuvugangoma unaochongwa magogo yake, na za Karyenda, ngoma takatifu ya ufalme. Anayeachwa nje ya simulizi ni mtu aliyesimama mbele ya ngoma: aliyeshuka kutoka kilima chake ili aisikie, aliyelipa kiingilio, au aliyesubiri uwanjani huku akinyeshewa. Makala haya yanamfuata mtu huyo. Yanadai kwamba onyesho la ngoma hizi halikudumishwa na mamlaka peke yake, yawe ya mfalme, ya kampuni ya santuri au ya wizara. Lilidumishwa pia na watu waliolipenda kiasi cha kugharimika kwa ajili yake. Aidha, yanadai kwamba amri iliyotolewa na serikali mwaka 2017 iliilinda ala na kuisahau hadhira. Jambo hili huonekana vizuri zaidi mtu akisimama pembezoni, Nyanza-Lac, kuliko akisimama Gitega.

Onyesho lisilokamilika bila macho

Katika Kirundi, neno ingoma lina maana mbili: ngoma na ufalme. Hadi utawala wa kifalme ulipofutwa tarehe 28 Novemba 1966, ngoma zilisikika hasa katika shughuli za ikulu, na kubwa kuliko zote ilikuwa umuganuro, sherehe ya mtama iliyofungua msimu wa kupanda. Aliyekwenda kwenye umuganuro hakwenda kuburudika tu. Kwenda kwenyewe kulikuwa tendo la utii. Hata hivyo, si sahihi kumwona mtu huyo kuwa raia mtiifu na si zaidi, kwa sababu umbo la onyesho lenyewe linahitaji mtazamaji mwenye hamu.

Wapigaji huingia wamebeba ngoma vichwani huku wakipiga, kisha hujipanga nusu duara. Katikati huwekwa inkiranya, ngoma inayoongoza. Amashako hushikilia mdundo usiobadilika, na ibishikizo hufuata mapigo yanayoamuliwa na inkiranya. Wapigaji hupokezana katikati: mmoja hutoka mstarini, huruka, hucheza, hujigamba kwa ishara, hupiga, kisha humpisha mwenziwe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya muziki huu ni ya kuonwa. Mruko wa mpigaji ndio unaotangaza badiliko la mdundo kabla sikio halijalipata. Mtu anayesikia sauti tupu hupata uzito wake na kuikosa sababu yake.

Santuri na mashabiki wa roki

Mwaka mmoja baada ya ufalme kuanguka, Michel Vuylsteke na Charles Duvelle walirekodi muziki wa Burundi kwa ajili ya kampuni ya Ocora ya Ufaransa, na santuri ikatoka mwaka 1968. Ngoma zilizokuwa zimempoteza mfalme zikapata wasikilizaji wasiojua kwamba aliwahi kuwapo. Mwaka 1971 mwanamuziki wa Kifaransa Michel Bernholc aliongeza gitaa na vinanda juu ya rekodi hiyo, akatoa wimbo ulioitwa Burundi Black, ukaingia katika chati za mauzo za Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada naye aliitumia sauti ya ngoma za Burundi chini ya wimbo wake The Jungle Line.

Kilichofuata kiliwahusu mashabiki zaidi ya watunzi. Mwaka 1980 bendi mbili za London, Adam and the Ants na Bow Wow Wow, zilijenga mtindo wao juu ya mdundo huo. Ya kwanza iliweka wapigaji wawili wa dramu jukwaani ili kuukaribia uzito wa ngoma nyingi, na albamu yake Kings of the Wild Frontier ikaongoza mauzo ya Uingereza mwaka 1981. Vijana waliopaka nyuso zao rangi na kujazana kumbini kuwaona Ants walikuwa wakiruka kwa mdundo uliozaliwa milimani mwa Afrika ya Kati. Mwaka huohuo mhakiki Robert Palmer wa gazeti la New York Times alibainisha kwamba wapigaji wa Kirundi wa rekodi ya awali hawakuwa na fungu katika faida hiyo. Ni rahisi kuwalaumu mashabiki, lakini lawama hiyo haina uzito. Shabiki alilipa, fedha zilipotelea njiani.

Wapigaji wenyewe walifika mbele ya hadhira hiyo Julai 1982, katika tamasha la kwanza la WOMAD huko Shepton Mallet, Uingereza, lililoasisiwa na Peter Gabriel na wenzake. Hapo bendi ya roki ya Echo & the Bunnymen ilipanda jukwaani pamoja na wapigaji ngoma wa Burundi. Kwa mara ya kwanza wengi waliokuwa wakiufahamu mdundo huo kwa santuri tu waliuona mruko. Kifedha, tamasha lilikuwa msiba: mgomo wa reli ulizuia wengi kufika, na waandaaji wakaachwa na madeni mazito.

Namna madeni hayo yalivyolipwa ni kisa ambacho wanahistoria wa ngoma za Burundi hawakitaji, ingawa kinastahili. Tarehe 2 Oktoba 1982 bendi ya Genesis, ambayo Gabriel aliiacha mwaka 1975, ilikubali kupiga naye tena kwa usiku mmoja katika uwanja wa Milton Keynes. Mvua ilinyesha. Mashabiki walikuja hata hivyo, wakasimama kwenye tope, kwa kuwa walikuwa wameingojea siku hiyo miaka saba. Mapato yao yaliiokoa WOMAD, na kupitia tamasha hilo na mengine ya aina yake ngoma za Burundi ziliendelea kuonekana duniani. Kwa maneno mengine, uaminifu wa mashabiki kwa bendi moja ya roki ulisaidia kulipia jukwaa la muziki ambao wengi wao hawakuwa wameufuata. Hakuna mkataba wala ruzuku iliyopanga jambo hilo.

Mwambao

Nyanza-Lac iko kusini mwa pwani ya Burundi ya Ziwa Tanganyika, karibu na mpaka wa Tanzania. Katika karne ya 19 mwambao ulielekea Ujiji. Mwezi Gisabo aliwazuia wafanyabiashara wa huko, akiwamo Rumaliza, wasipenye hadi kitovu cha ufalme, lakini Kiswahili na Uislamu vilitia mizizi katika miji ya ziwani, Rumonge ikiwa mfano mashuhuri. Watu wa mwambao walikuwa mbali na ngoma za ikulu. Walikuwa karibu zaidi na muziki uliovuka maji kutoka Kongo na Kigoma.

Kisha ukaja mwaka 1972. Uasi ulioanza tarehe 29 Aprili ulilipuka hasa katika eneo la Rumonge na Nyanza-Lac, na kisasi cha dola kiliua Wahutu kwa makumi ya maelfu nchini kote. Makadirio mengi huanzia watu 100,000. Walionusurika walikimbilia Tanzania, ambako makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo yalifunguliwa. Watoto waliozaliwa huko walikua wakizungumza Kiswahili. Zaidi ya 160,000 baadaye walipewa uraia wa Tanzania, na makumi ya maelfu walirudi Burundi kuanzia mwaka 2008. Waliorudi Nyanza-Lac na Rumonge walikuta mashamba ya michikichi ya wazazi wao yakilimwa na watu wengine, baadhi yao wakiwa wamegawiwa na serikali yenyewe. Migogoro hiyo imeandikwa sana. Jambo ambalo halijaandikwa vya kutosha ni kwamba watu hao walirudi pia wakiwa hadhira. Katika makambi ya Tanzania, hasa yale ya miaka ya baadaye kama Nyarugusu na Nduta, vikundi vya Warundi vilipiga ngoma bila mfalme na bila wizara, mbele ya watu waliokusanyika kwa kupenda. Ngoma waliyoijua wakimbizi ilikuwa mali ya mkusanyiko.

Novemba 2014 UNESCO iliingiza ngoma za kifalme za Burundi katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2017, amri ya rais ilielekeza kwamba ngoma hizo zipigwe katika shughuli rasmi. Atakayezitaka kwingineko aombe kibali cha wizara ya utamaduni na alipe faranga 500,000, karibu dola 285 kwa kiwango rasmi cha wakati huo. Wanawake walikatazwa kuzipiga, ingawa vikundi vya wanawake vilikuwapo tayari.

Sababu iliyotolewa, kwamba ngoma zilikuwa zimeshushwa hadhi kwa kupigwa ovyo arusini na kwenye sherehe za watu binafsi, haipaswi kudharauliwa. Nchi iliyoona rekodi ya watu wake ikiwatajirisha wageni ina haki ya kulinda mali yake. Lakini dawa haikulingana na ugonjwa. Waliofaidika na rekodi ya mwaka 1967 walikuwa makampuni ya nje, na hao hawaguswi na ada inayotozwa kikundi cha vijana cha Nyanza-Lac kinachotaka kupiga siku ya soko. Mfanyabiashara mkubwa wa Bujumbura anaweza kuilipa ada hiyo kwa ajili ya arusi ya bintiye bila kuumia. Kwa hiyo ile arusi iliyolalamikiwa inabaki, na mkusanyiko wa bure wa mji mdogo ndio unaokufa. Kiwango kimoja kwa nchi nzima, kinachoombewa kibali kwa waziri, ni mzigo mzito zaidi kwa tarafa za mbali. Kibali kinachotolewa na tarafa, na ada inayosamehewa pale ambapo kiingilio hakitozwi, vingeilinda ngoma dhidi ya biashara holela bila kuifungia watu wanaoitembelea kwa miguu.

Suala la wanawake ni gumu zaidi, kwa kuwa amri ilitegemea hoja ya mila, na ni kweli kwamba ikuluni wapigaji walikuwa wanaume. Lakini ikulu hiyo haipo tangu 1966, na ngoma imeishi nje yake zaidi ya nusu karne, mikononi mwa watu ambao mfalme hakuwachagua. Msichana aliyejifunza kupiga uhamishoni, akivuka mpaka na kuteremka Nyanza-Lac pamoja na familia yake, anafika katika nchi ambamo sheria inamruhusu kuitazama ngoma, si kuigusa.