Sinagogi la Nairobi: Jumuiya Ndogo, Zaidi ya Karne Moja

Barabara ya Uhuru inapokutana na University Way, jirani na Chuo Kikuu, ndipo lilipo Sinagogi la Nairobi, nyumba ya sala ya Wayahudi. Wengi wetu wa Kibera na Kawangware tumelipita bila kujua kwamba jumuiya yake inakaribiana kwa umri na jiji lenyewe.

Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alipendekeza Wayahudi waliokuwa wakiuawa Urusi wapewe makazi katika uwanda wa Uasin Gishu. Wanandi na Wamasai, wenye nchi, hawakuulizwa. Wajumbe wa Wazayuni, vuguvugu la kuwatafutia Wayahudi nchi yao, wakaja kuukagua uwanda huo, na mwaka 1905 mkutano wao mkuu uliofanyika Basel ukalikataa pendekezo.

Mpango wa wakubwa ulikufa, lakini wachache waliokwisha kufika kwa hiari yao walibaki. Mwaka 1904 walianzisha jumuiya ya ibada Nairobi, na mwaka 1913 wakapata sinagogi lao la kwanza. Mmoja wa waanzilishi wa maisha hayo mapya alikuwa Abraham Block, mzaliwa wa Lithuania, aliyewasili mwaka 1903 kutoka Afrika Kusini. Mwaka 1927 aliinunua hoteli ya Norfolk, na ukoo wake ukawa nguzo ya biashara ya hoteli nchini.

Miaka ya 1930 jumuiya ilipokea wakimbizi waliomponyoka Hitler. Wanasheria na wafanyabiashara wakageuka wasimamizi wa mashamba wasiyojua kuyalima. Vita vilipoanza mwaka 1939, serikali ya kikoloni iliwazuilia wengi wao kama raia wa nchi adui, ilhali adui huyo ndiye waliyemkimbia. Stefanie Zweig, aliyeletwa akiwa mtoto mwaka 1938, aliyaandika maisha hayo katika riwaya iliyotolewa Ujerumani mwaka 1995. Filamu iliyotokana na riwaya hiyo ikashinda tuzo ya Oscar mwaka 2003.

Katikati ya miaka ya 1950 jumuiya ilijenga sinagogi jipya, na katika miaka hiyo hiyo kiongozi wake, Israel Somen, alikuwa Meya wa Nairobi. Baada ya uhuru wengi walihama. Waliobaki waliuonja uchungu wa jiji lao: usiku wa 31 Desemba 1980 bomu liliibomoa sehemu ya Norfolk na kuua watu wapatao 20.

Kwa desturi ya Kiyahudi, sala ya jamaa huhitaji watu wazima kumi. Kwa jumuiya ambayo haikupata kuwa kubwa, kila anayefika ana uzito wake, na kila ibada ya Sabato ni kazi ya watu walioamua kuja. Hilo ndilo tunalowapongeza kwalo. Mamlaka ya London ilitaka kugawa ardhi isiyo yake, ikaambulia patupu. Watu wachache walijenga nyumba ya sala, wakaitunza kizazi baada ya kizazi. Historia ya Nairobi ikifundishwa shuleni, nao wastahili ukurasa wao, kando ya Wanubi wa Kibera, Wahindi wa reli na wote walioujenga mji huu.