Ngozi Isiyo na Wino

Chatu azaliwaye bila rangi nyeusi hubaki wa manjano na meupe. Wapenzi wa nyoka wa Marekani humnunua na kumhifadhi katika sanduku la kioo. Binadamu mwenye ualbino hana sanduku. Maalbino wa Tanzania waliunda chama chao mwaka 1978, na mwaka 1985 madaktari walichapisha habari za wenzao 350 waliopimwa Dar es Salaam: ngozi za wote zilikwisha dhuriwa na jua tangu mwaka wa kwanza wa maisha. Laana haimo, wazazi wawili weusi huweza kumrithisha mtoto kasoro iliyojificha ndani yao. Mchuuzi wa Kariakoo mwenye ngozi hiyo husimama juani hadi alasiri, maana wanunuzi hawafuati kivuli.