Asili na Matumizi ya Kitenzi "Kung'atuka"

Lugha haikopi neno bila haja. Kabla ya mwaka 1985 Kiswahili kilikwisha kuwa na vitenzi viwili vya kuacha cheo, vyote vyenye asili ya Kiarabu. Asili ya kustaafu ni kuomba kusamehewa kazi. Leo maana yake ni kuacha kazi kwa kutimia umri au muda. Kujiuzulu kimetokana na kuuzulu, yaani kumwondoa mtu madarakani; ajiuzuluye hujiondoa mwenyewe, na mara nyingi nyuma yake ipo lawama au ugomvi.

Mwalimu Julius Nyerere alipouacha urais wa Tanzania, tarehe 5 Novemba 1985, vitenzi hivyo havikutosha. Alikuwa na umri wa miaka 63, nguvu angali nazo, na chama hakijamkataa. Basi kwa tendo hilo alichukua neno la Kizanaki, lugha ya kwao Butiama, lihusulo wazee kuwaachia uongozi wawafuatao. Likawa kung'atuka.

Neno lilipokewa upesi, na umbo lake lilisaidia. Kiswahili kina kufunga na kufunguka, kukunja na kukunjuka. Kwa mfano huo, sikio la Mswahili laweza kusikia katika kung'atuka meno yaliyong'ata kitu, kisha yakakiachia. Nyerere mwenyewe hakuachia yote kwa siku moja: uenyekiti wa Chama cha Mapinduzi aliushika mpaka mwaka 1990.

Waliomfuata walitoka kwa njia nyingine. Mabadiliko ya katiba ya mwaka 1984 yaliweka kikomo cha vipindi viwili vya miaka mitano. Ali Hassan Mwinyi aliondoka mwaka 1995, Benjamin Mkapa 2005, na Jakaya Kikwete 2015, kila mmoja muda wake ulipokwisha. Kwa haki wakaitwa marais wastaafu.

Lakini matumizi ya neno yamepanuka hata kufikia kinyume chake. Umati ukipiga kelele kwamba mtawala "ang'atuke", unamwamuru afanye kwa hiari. Huko Kenya kitenzi kimezaa kung'atua na kung'atuliwa. Magazeti yaliyatumia maneno hayo Oktoba 2024, Bunge na Seneti zilipomwondoa Naibu wa Rais Rigathi Gachagua. Kisarufi mnyambuliko huo hauna kosa. Kimaana, tendo la mtu mwenyewe limepata mtendaji mwingine.

Hakuna awezaye kulizuia neno lisitembee. Hata hivyo hasara yafaa ipimwe. Kwa kumtoa mtawala, Kiswahili kina kuondoa, kuuzulu, kupindua na kung'oa. Kwa mtawala aachaye angali anaweza kushika, kilipata neno moja tu. Likichanganywa na yale mengine, anayeachia kwa hiari na anayeng'olewa wataitwa kwa jina moja, na sifa ya yule wa kwanza haitakuwa na pa kuandikwa.