Mzigo kwa Umri

Mwenye punda wa Nakwa hahitaji kufundishwa kwamba mnyama mchanga hapakiwi sawa na aliyekomaa. Humfungua kinywa, akatazama meno ya mbele, na akiona yale ya kati ndiyo kwanza yametoka, humpa madumu mawili ya maji pale ambapo mama yake hubeba manne. Mnyama akizidi kukomaa, mzigo huongezwa. Hapa Babati sheria hiyo hakuna aliyeiandika. Katika mbio za farasi imeandikwa kwa tarakimu, nusu mwezi kwa nusu mwezi na umbali kwa umbali, na ina jina la Kiingereza ambalo ukilitafsiri neno kwa neno unapata "uzito kwa umri". Tafsiri hiyo naipinga. Napendekeza "mzigo kwa umri", na sababu zangu zinatokana na namna farasi wachanga wanavyokadiriwa mwanzoni mwa msimu, jambo ambalo istilahi mbaya hulificha kabisa.

Kwanza, "uzito kwa umri" lina wenyewe. Kila mzazi aliyempeleka mtoto kliniki analijua, hata kama halitamki. Mtoto huwekwa kwenye mizani, muuguzi akatia nukta kwenye kadi ya ukuaji, na nukta hiyo husomwa dhidi ya mistari ya watoto wa umri ule. Uzito unaopimwa hapo ni wa mwili wa mtoto mwenyewe. Ukiwa mdogo kwa umri wake, ni dalili ya utapiamlo au maradhi, na mama huulizwa mtoto anakula nini. Sasa chukua maneno hayohayo uyapeleke uwanja wa farasi. Farasi wa miaka 3 mwenye "uzito mdogo kwa umri" hana njaa wala haumwi. Amependelewa, kwa kuwa kilo alizotwishwa mgongoni ni chache kuliko za wakubwa zake. Msikilizaji wa redio atamhurumia mnyama ambaye wapinzani wake wanamwonea wivu.

Michezo mingine nayo imekwisha kulizoea neno "uzito" kwa maana ya mwili. Bondia wa uzito wa kati ni yeye mwenyewe anayepanda mizani. Katika mbio za farasi anayepimwa ni mpandaji, akiwa ameshika tandiko lake, na hupimwa kabla ya mbio, kisha wapandaji wa farasi waliotangulia hurudi mizanini baada ya kumaliza. Akipungukiwa na kilo zilizopangwa, vipande vya madini ya risasi hutiwa kwenye mifuko ya kitambaa kinachokaa chini ya tandiko. Hakuna katika hesabu hiyo hata gramu moja ya mwili wa farasi. Kitu kinachowekwa mgongoni mwa mnyama ili akibebe, Kiswahili kina jina lake tangu zamani: mzigo.

Jedwali lenyewe linahusishwa na Admirali Henry John Rous wa Uingereza, aliyezaliwa 1795 na kufariki 1877. Katikati ya karne ya 19 alikaa na matokeo ya mbio nyingi, akakadiria farasi wa umri fulani anazidiwa kiasi gani na aliyekomaa, katika mwezi fulani na umbali fulani. Makadirio hayo akayageuza kuwa kilo za kupunguza. Jedwali limerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, ila umbo lake limebaki. Kwa mbio za mita 2,400 mwezi wa Aprili, farasi wa miaka 3 hupunguziwa kama kilo 8 akikutana na wakubwa. Mwanzoni mwa Oktoba, kwa umbali uleule, punguzo hubaki kama kilo 3. Katika mbio fupi za mita 1,000 punguzo huanza dogo zaidi, na mwisho wa msimu huwa sifuri au karibu na sifuri, kwa kuwa kasi hukomaa kabla ya pumzi.

Punguzo hili naliita "nafuu ya umri". "Punguzo" peke yake ni neno la dukani, halisemi anayepunguziwa ni nani wala kwa nini. "Nafuu" hupewa anayelemewa, na anayepewa nafuu hutarajiwa siku moja kuiacha. Ndivyo jedwali linavyofanya: kila baada ya nusu mwezi linachukua kidogo.

Hapa ndipo kazi ya kukadiria inapoanza. Tuseme Aprili farasi wa miaka 3 amefika mwisho sambamba na farasi mzuri wa miaka 5, mita 2,400, akiwa na nafuu ya kilo 8. Asiyeelewa mzigo atasema wako sawa. Anayeelewa atasema kijana amefanya kile hasa jedwali lilichotarajia kwa farasi wa daraja la yule mkubwa. Wakadiriaji wana kanuni yao ya kugeuza kilo kuwa nafasi. Mbio zikiwa za mita 1,000, urefu wa mwili wa farasi mmoja huhesabiwa kuwa sawa na takriban kilo 1.4. Mbio zikirefuka hadi mita 3,200, urefu huohuo ni kama nusu kilo tu. Kwa kanuni hiyo, kijana wetu akikutana tena na mpinzani wake Oktoba, akiwa amenyang'anywa kilo 5 za nafuu, itambidi awe amepiga hatua ya urefu wa farasi saba au nane ili wafike sambamba tena. Asipopiga hatua hiyo hajazidi kuwa mbaya. Amesimama, na jedwali limempita.

Kwa hiyo ushindi wa mwanzo wa msimu unadanganya kwa namna moja maalumu. Jedwali ni wastani. Linachukulia kwamba wachanga wote wanakomaa kwa mwendo mmoja, nao hawafanyi hivyo. Kuna farasi ambaye Aprili mwili wake umekwisha kufunga: kifua kimejaa, mapaja yamekaza, magoti yametulia. Huyo hupewa nafuu asiyoihitaji, anashinda, anasifiwa, kisha kuanzia Agosti anaanza kushindwa na wale aliowaacha nyuma. Na kuna mwenzake mwenye miguu mirefu, nyonga zimezidi mabega kwa kimo kwa kuwa bado anakua, aliyemaliza wa nne Aprili bila kuchapwa na bila kujua vizuri afanye nini. Mkadiriaji mahiri huyu wa pili ndiye anayemwandika daftarini. Naamini ustadi wote wa kazi hii umo katika kutenganisha kilichotokana na kipaji na kilichotokana na kuwahi kukomaa, na hauwezi kuelezwa kwa Kiswahili mpaka tuwe na neno linaloonyesha kwamba kilo zile ni za kubebeshwa.

Kwa farasi wa miaka 2 ugumu ni mkubwa zaidi. Uingereza mbio zao za kwanza, zisizo na viunzi, hufanyika Doncaster mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, za mita 1,000 hivi. Farasi wa mbio akiwa na miezi 18 amekwisha kufikia takriban asilimia 95 ya kimo chake cha utu uzima, ila kwa uzito wa mwili bado yuko kwenye asilimia 80 hivi. Ni mrefu kuliko alivyo na nguvu. Sehemu za mifupa zinazokua, hasa juu kidogo ya goti, huwa hazijafunga, na wakufunzi wengi huwapiga picha za eksirei kabla ya kuwaharakisha. Mfupa wa mbele wa mguu, chini ya goti, huuma upesi akikimbizwa kabla haujakaza. Meno ya utoto ya kati hung'oka akiwa na miaka miwili na nusu, yanayofuata mitatu na nusu, ya pembeni minne na nusu, na kinywa hukamilika mwaka wa tano. Mzee wa Nakwa anayefungua kinywa cha punda anasoma kalenda karibu ileile.

Umri wenyewe nao una utata. Katika nchi za kaskazini mwa dunia farasi wote wa mbio hutimiza mwaka tarehe 1 Januari, siku yoyote waliyozaliwa. Australia, New Zealand na Afrika Kusini ni tarehe 1 Agosti. Mimba ya farasi huchukua miezi 11 hivi, kwa hiyo wafugaji wa kaskazini hutaka watoto wazaliwe mara tu baada ya mwaka mpya. Aliyezaliwa Februari na aliyezaliwa Mei wanaitwa wa miaka 2 siku moja, na katika mbio za Aprili wanabeba mzigo uleule, ingawa mmoja hajatimiza hata miezi 24. Jedwali halijui tofauti hiyo. Mkadiriaji anapaswa kuijua, na ndiyo maana tarehe halisi ya kuzaliwa ni jambo la kwanza analotafuta anapomwona mchanga aliyeshinda mapema.

Pale ambapo farasi wa nusu mbili za dunia wanakutana, tofauti ya kalenda imelazimisha jedwali kusema wazi. Derby ya Falme za Kiarabu, inayofanyika Dubai kwa kawaida mwezi wa Machi, ni ya farasi wa miaka 3. Waliozaliwa kusini mwa dunia wametangulia kuzaliwa kwa karibu nusu mwaka, kwa hiyo hutwishwa kilo kadhaa zaidi ya wa kaskazini. Mwaka 2007 mshindi wake alikuwa Asiatic Boy, farasi wa Argentina aliyefunzwa na Mike de Kock wa Afrika Kusini. Ukisema farasi wa kusini "ana uzito mkubwa kwa umri wake", umemfanya mnene. Sema "mzigo wake kwa umri ni mkubwa", na hata asiyewahi kuona farasi ataelewa kwamba amelipishwa ukubwa wake.

Huenda msomaji akauliza Babati inahusiana vipi na haya, wakati farasi hapa ni nadra. Ni nadra kwa sababu inayojulikana: mbung'o wa nyika, na ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi, unaoua farasi wengi wanaoupata na kuwaacha punda wakiendelea na kazi. Lakini barabara kuu inayopita mjini kwetu kwenda Arusha inaendelea hadi Namanga na Nairobi, na huko, kwenye uwanja wa Ngong, farasi wamekuwa wakikimbia tangu 1954 chini ya Jockey Club of Kenya. Watunzaji wao, wanaowalisha, kuwasugua na kuwatembeza alfajiri, huzungumza Kiswahili siku nzima. Istilahi hizi ni za kazi yao kabla hazijawa za kamusi.

Historia ya mbio za Kenya ina mfano ambao kila mkadiriaji wa wachanga angepaswa kuujua. Beryl Markham, aliyekulia Njoro na kuwa mkufunzi wa farasi akiwa bado msichana, alishinda St Leger ya Kenya mwaka 1926 kwa farasi jike aitwaye Wise Child. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1942 anaeleza kwamba kano za miguu ya farasi huyo zilikuwa zimekwisha kuumizwa kabla hajafika mikononi mwake, kwa kazi iliyomzidi. Kazi yake ikawa kumjenga bila kumvunja. Farasi wa umri mmoja wakishindana wenyewe kwa wenyewe, kama ilivyo katika Derby ya Kenya mwezi wa Aprili, nafuu ya umri haipo, na udhaifu wa namna hiyo hauna pa kujificha.

Dhidi ya wakubwa, nafuu inaweza kumfikisha mchanga mahali pa kushangaza. Mwaka 2007 huko York, Kingsgate Native alishinda mbio za Nunthorpe akiwa na miaka 2 tu, akiwapita farasi waliokomaa kabisa. Alibeba zaidi ya kilo 10 pungufu yao. Je, alikuwa bora kuliko wao? Siku ile, kwa mizigo ile, ndiyo. Jibu lolote linaloacha maneno "kwa mizigo ile" halijakamilika.

Istilahi moja haifai kama haizai nyingine. "Mzigo kwa umri" inazaa. Kuna mbio ambazo kila farasi hupangiwa kilo kwa kutazama alivyokimbia zamani, bora zaidi akibeba nyingi zaidi, ili wote wawe na nafasi. Wengi wetu tumezoea kuziita handikapu. Hizo ni mbio za "mzigo kwa uwezo". Majike wakishindana na madume hupunguziwa pia: "nafuu ya jike". Anayepanga mizigo ni "mpangaji wa mizigo". Mbio ambazo wote wanabeba sawasawa ni za "mzigo sawa". BAKITA, baraza lenye jukumu la kusanifu maneno tangu 1967, likiulizwa siku moja, litakuta ukoo mzima tayari, badala ya neno moja lililokodiwa kutoka kliniki.

Na ukoo huo unabeba hesabu. Chukua Prix de l'Arc de Triomphe, mbio za mita 2,400 zilizoanza 1920, ambazo hufanyika Paris Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Mtangazaji wa Kiswahili anaweza kusema: dume aliyekomaa anabeba kilo 59.5, huyu wa miaka 3 ana nafuu ya umri ya kilo 3, kwa hiyo anabeba 56.5, yule jike wa miaka 3 ana nafuu ya umri na nafuu ya jike, kilo moja na nusu zaidi, anabeba 55.