Video za vibonzo kwa PowerPoint: anza na sauti

Wadau, wengi mnaniuliza zile video fupi za maelezo, zenye vibonzo na mishale inayotembea, natumia programu gani ya bei mbaya. Natumia PowerPoint, hiyohiyo ya kwenye kozi ya kompyuta.

PowerPoint ilitoka 1987, tena kwa Macintosh, sio Windows. Kutoa kazi kama video moja kwa moja kulikuja na toleo la 2010 kwa mtindo wa WMV, na MP4 ikaongezwa kwenye 2013. Kwa hiyo ukiingia kafe, kabla hujalipia saa, uliza mashine ina toleo gani. Ukikuta 2007, hama kiti.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya kikundi cha VICOBA mtaani: dakika mbili kueleza hisa na mgao. Nilirekodi sauti moja ndefu, nikaipachika slaidi ya kwanza, muda wa slaidi sikupanga. Programu ikazipa sekunde 5 za kwake. Siku ya kikao sauti bado inaeleza hisa, picha imeshafika kwenye mgao! Kina mama walicheka mpaka basi, na nusu ya hela yangu ikazuiwa. Haki yao.

Siku hizi naanza na sauti. Naandika maneno, nasoma kwa sauti, narekodi kwa simu kipande kimoja kwa kila slaidi. Kipande kikiwa sekunde 14, slaidi naipa 14 kwenye sehemu ya Transitions. Halafu vitu: kila kimoja nakiwekea "After Previous" badala ya kusubiri kubonyezwa, pamoja na sekunde za kuchelewa. Mama akitamka "hisa tatu", ndio sarafu tatu zinaingia sandukuni, sio kabla. Hapo ndipo kazi yote ilipo, jamani. Kuchora ni maduara na mistatili tu, unavichagua unaviunga kwa Ctrl+G vitembee pamoja. Mwenye 2019 au zaidi ana Morph: nakili slaidi, sogeza kibonzo, programu inakitembeza yenyewe.

Kutoa video ni File, Export, "Create a Video". 720p inatosha kwa simu. Ila ianze ukiwa na nusu saa mkononi, maana muda wa kafe ukikatika katikati unaanza upya, na kazi yenyewe iwe imeshahifadhiwa kwenye flashi.