Zinki ya betri kavu: usafishaji wake na upimaji wa metali ngeni

Zinki ya betri kavu ni metali inayotumiwa kutengeneza kopo la mawe ya tochi na redio. Kopo hilo hubeba viungo vya betri, na papo hapo lenyewe ndilo ncha hasi, likilika polepole ili umeme upatikane. Nchini Kenya bidhaa hii ilifungamana na mji wa Nakuru. Kiwanda cha Eveready, kilichoanzishwa mwaka 1967 chini ya kampuni ya Kimarekani ya Union Carbide, kilitengeneza hapo mawe makubwa ya volti 1.5 hadi kilipofungwa mwaka 2014, kikiwa kimelemewa na bidhaa za bei nafuu kutoka nje. Kwa vizazi viwili, boma lisilo na umeme lilisikiliza habari na kumulika zizi kwa mawe hayo.

Muundo wa betri hii ulitokana na kazi ya Georges Leclanché wa Ufaransa mwaka 1866. Miaka 20 baadaye Carl Gassner wa Ujerumani aliigeuza kuwa kavu, akaifanya zinki iwe chombo chenyewe. Tangu hapo mtengenezaji amekabiliwa na tatizo moja: zinki huendelea kulika hata betri ikiwa haitumiki.

Kiini cha tatizo ni metali ngeni. Punje ya chuma, shaba au nikeli ikiwa ndani ya zinki iliyolowa rojo la chumvi, hapo hapo huzaliwa betri ndogo isiyo na swichi. Zinki huyeyuka kando ya punje, na juu ya punje hutoka gesi ya hidrojeni. Mwanafunzi wa sekondari huuona mwenendo huo anapodondosha matone ya salfeti ya shaba kwenye zinki na asidi: mapovu huongezeka ghafla. Ndani ya betri matokeo yake ni kopo kutoboka, gesi kujaa na maji ya chumvi kuvujia ndani ya redio.

Lakini si kila metali ngeni ni adui, na hapa ndipo maelezo mengi ya usafi wa metali hupotoka. Hidrojeni hutoka kwa shida sana juu ya risasi, kadimi na zebaki. Ndiyo maana watengenezaji waliongeza risasi kwa makusudi, kilo kadhaa kwa tani ya zinki, ambayo pia huifanya metali ikubali kuvutwa kuwa kopo bila kupasuka. Katika tani hiyo hiyo, nikeli ilipaswa kubaki gramu chache tu. Kwa hiyo kusema zinki ni safi kwa asilimia 99.9 hakumsaidii fundi wa betri; anataka kujua ile 0.1 iliyobaki ni nini.

Usafishaji huanza na madini ya salfidi ya zinki, ambayo huchomwa hadi yawe oksidi, kisha huyeyushwa kwa asidi ya salfuriki. Chuma huondolewa kwanza. Halafu hutiwa unga wa zinki: shaba, kadimi na nikeli hung'ang'ania unga huo na kuachana na maji. Mwishowe umeme huivuta zinki ijikusanye juu ya mabamba ya alumini, ikiwa na usafi wa asilimia 99.995, yaani uchafu usiozidi gramu 50 kwa tani. Germani huitibua hatua hii ya mwisho hata ikiwa chini ya miligramu moja kwa lita. Madini ya Kipushi, karibu na Lubumbashi, yanajulikana kwa kubeba zinki na germani pamoja. Njia nyingine ya usafishaji ni kukeneka. Zinki huchemka kwa nyuzi 907 za Selsiasi. Kadimi hutangulia kwa 767, na risasi hubaki chini.

Kupima mabaki hayo kulirahisishwa sana na mbinu ambayo Alan Walsh aliitangaza nchini Australia mwaka 1955. Kipande cha metali huyeyushwa kwa asidi na kupuliziwa ndani ya mwali, kisha mwanga hupitishwa humo. Kila elementi hunyonya mwanga wake: shaba nanomita 324.8, chuma 248.3. Mpimaji makini huandaa pia sampuli tupu, asidi bila metali, kwa sababu vumbi la udongo wa volkano wa Bonde la Ufa lina chuma kingi, na likiingia chomboni hupandisha hesabu.

Zebaki iliyokuwa ikitumika kuzuia gesi ilianza kuondolewa katika betri duniani katika miaka ya 1980 na 1990. Uamuzi huo ulikuwa wa haki kwa maji na samaki, ila uliwalazimu wasafishaji kupunguza chuma na nikeli zaidi, kwani kinga ilikuwa imeondoka.

Mawe yaliyokwisha nguvu, yakitupwa, ni suala zito huko Nakuru. Jaa la Gioto liko kwenye miteremko ya Menengai, juu ya mji, na chini kuna Ziwa Nakuru, ambalo halina mto unaotoka. Baada ya vifo vya heroe katika miaka ya 1990, watafiti walipima zinki, shaba, risasi na kadimi ziwani humo. Kwa kuwa maji yake ya magadi hufikia pH ya karibu 10, metali nyingi huganda na kuzama, hivyo sampuli ya maji peke yake haitoshi. Huchotwa pia mashapo ya chini.