Mchanga, Koki na Tanuri la Acheson

Mchanga mweupe kwa sehemu kubwa ni silika, yaani muungano wa silikoni na oksijeni. Ukichanganywa na kaboni na kupashwa joto linalozidi nyuzi 1,600 za selsiasi, kaboni huipokonya silikoni oksijeni yake, kisha yenyewe hushikamana na silikoni hiyo. Zao lake ni kabidi ya silikoni, dutu inayokaribia almasi kwa ugumu. Mwanakemia wa Sweden, Jöns Jacob Berzelius, alikwisha kugusia muungano huo mwaka 1824, lakini kwa miongo mingi haukuwa na matumizi yoyote. Kilichokosekana ni moto: joto kali kiasi hicho, tena la kudumu saa nyingi, lilisubiri umeme.

Umeme huo ulitumiwa na Mmarekani Edward Goodrich Acheson, aliyewahi kufanya kazi kwa Thomas Edison. Mwaka 1891, mjini Monongahela, Pennsylvania, alikuwa akitafuta kitu kigumu kitakachofanya kazi ya almasi. Alijaza udongo wa mfinyanzi na unga wa koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa yakabaki karibu kaboni tupu, katika bakuli la chuma, akapitisha humo mkondo mkali wa umeme kwa kijiti cha kaboni. Mchanganyiko ulipopoa, nchani mwa kijiti palikuwa na fuwele chache ndogo zinazometameta. Alizipitisha juu ya kioo zikakikwaruza. Acheson alidhani fuwele zile zimetokana na kaboni na alumini iliyomo katika udongo, akaziita Carborundum. Kumbe kilichoungana na kaboni ni silikoni. Hata hivyo jina lilibaki, naye akapata hataza Februari 1893.

Bahati ilimpa fuwele chache tu. Kuzipata kwa tani kulihitaji ufundi, na hapo ndipo sifa yake kubwa ilipo. Tanuri lake lilikuwa sanduku refu la matofali lililo wazi juu. Katikati ulilazwa mshipa wa kaboni wa kupitishia umeme, na kuuzunguka ukashindiliwa mchanga na koki pamoja na unga wa mbao na chumvi. Kila molekuli ya silika hudai atomi tatu za kaboni: moja hubaki na silikoni, mbili huondoka na oksijeni zikiwa gesi ya monoksidi ya kaboni. Gesi hiyo ni nyingi mno, na isipopata njia hulipua lundo zima. Unga wa mbao uliacha vinyweleo vya kuipitisha, na chumvi iliondoa madini yasiyotakiwa. Ndani ya lundo, silika haisubiri kugusana na kaboni punje kwa punje. Kwanza hutoa mvuke wa monoksidi ya silikoni, na mvuke huo ndio unaopenya koki na kuigeuza. Tanuri lilipopoa, fuwele zilikutwa zimeuzunguka mshipa, na mchanganyiko wa nje ambao haukuiva ulirudishwa kutumika tena.

Wanunuzi wa kwanza walikuwa wasuguaji wa vito. Mwaka 1895 kiwanda kilihamia Niagara Falls, kulikokuwa na umeme rahisi wa maporomoko, na mawe ya kunolea ya kabidi yakaenea katika karakana za chuma. Msasa mweusi wa maji wanaoutumia mafundi rangi wa magari umetokana na kazi hiyo.

Joto lilipozidi, Acheson aligundua jambo la pili: kabidi huvunjika, silikoni hugeuka mvuke, na kinachobaki ni grafiti safi. Kutokana na hilo alipata hataza ya grafiti ya kutengenezwa mwaka 1896, na vijiti vya grafiti vikawa nguzo ya matanuri ya umeme ya kuyeyushia chuma.

Mmenyuko uleule wa silika na kaboni ni adui pale usipotakiwa. Katika matanuri ya kukuzia fuwele za silikoni za vifaa vya elektroniki, chungu cha silika hukaa ndani ya kishikizi cha grafiti kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,414. Vinapogusana, gesi hutoka, grafiti huota ganda la kabidi na kuliwa polepole, hadi kishikizi hulazimika kubadilishwa.

Leo China ndiyo mzalishaji mkuu wa kabidi ya silikoni, na sehemu kubwa ya ile ya kusagia na ya matofali ya kuhimili moto bado hutengenezwa kwa mchanga, koki na umeme, katika matanuri ya aina ya Acheson.